Uliza Ujibiwe: Aliyebuni Tabaini ya Mvuke

SWALI: Mhariri, nasikia kwamba sehemu kubwa ya umeme wa dunia hufuliwa kwa tabaini za mvuke, yaani mitambo ambayo mvuke huzungusha gurudumu lenye mapanga. Ni nani aliyebuni mtambo huo, na alishinda kikwazo gani?

JIBU: Wapo waliomtangulia kwa majaribio, lakini aliyeufanya uwe wa manufaa ni Charles Parsons, aliyezaliwa London mwaka 1854, mwana wa mwanafalaki aliyejenga darubini kubwa huko Birr, Ireland.

Kikwazo kilikuwa kasi. Mvuke wenye shinikizo kubwa ukiachiwa kutanuka kwa mkupuo mmoja hufyatuka kwa kasi ambayo gurudumu la kawaida haliwezi kuifuata bila kuvunjika. Mwaka 1884 Parsons aliugawa mtanuko huo katika hatua nyingi ndogo, akiupitisha mvuke katika safu za mapanga yaliyotulia na yanayozunguka, zikipishana, ili kila safu ichukue sehemu tu ya nguvu. Hata hivyo, mtambo wake wa kwanza, uliotoa takriban kilowati 7.5 tu, ulizunguka mara 18,000 kwa dakika.

Wengi humkumbuka kwa Turbinia, meli yake ndogo ambayo mwaka 1897, katika gwaride la majini la Spithead, ilipita kati ya manowari za Uingereza kwa mwendo usioweza kufikiwa na chombo chochote pale. Ulikuwa ufidhuli, nakiri, lakini baada ya miaka michache jeshi la majini la Uingereza lilikuwa likiagiza tabaini zake. Alifariki mwaka 1931.