Uliza Ujibiwe: Hondohondo wa huku kwetu wameenda wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi nipo Muheza, huku juu njia ya kwenda Amani. Nilivyokuwa mdogo ukiamka tu hondohondo wanapiga kelele kwenye mikuyu mpaka redio husikii, sikuhizi wiki inakatika hujamuona hata mmoja. Kororo, wale kanga wa msituni, ndo usiseme. Na msitu bado upo jamani, miti haijakatwa. Mjomba wangu anasema ndege hawaishi, wamehama tu, na yeye na gobole lake anapiga mmoja mmoja wa kitoweo, haiwezi kuwa sababu. Kweli hiyo?

JIBU: Marahaba. Mjomba ana kaukweli kidogo, hondohondo kweli wanatembea sana kufuata matunda yalipoiva, kwahiyo kutowaona wiki moja sio ushahidi wa kitu. Ila hiyo ya "mmoja mmoja" ndo inayomaliza ndege wa aina hii.

Angalia wanavyozaa. Jike anaingia kwenye tundu la mti mkubwa, dume anameza udongo anautengeneza vidonge kooni, anamtemea jike, jike anaziba mlango kuanzia ndani mpaka kinabaki kiufa cha kupitisha mdomo tu. Humo anakaa miezi mitatu mpaka minne hatoki. Chakula chote analeta dume, anafika na koo limejaa matunda, anayacheua moja moja anampa kwenye kiufa. Huko huko kwenu Amani enzi za mkoloni kulikuwa na Mwingereza anaitwa Reginald Moreau, yeye na mkewe walikaa wanaangalia viota, hesabu yao ilikuja kwamba dume anapeleka matunda kama 24,000 kwa msimu mmoja! Na kazi yote hiyo kwa kifaranga mmoja, wakibahatika wawili.

Sasa kipindi hicho nani yupo nje anapita na mabawa yanavuma unamsikia kabla hujamuona? Dume. Mjomba akimtungua, anahesabu kitoweo kimoja, lakini kule kwenye mti kuna jike kafungiwa na kifaranga wanasubiri chakula ambacho hakiji. Jike anaweza akabomoa akatoka, kifaranga kupona ni ngumu sana. Kwahiyo sio mmoja, ni msimu mzima umeenda, na zikiwepo familia tatu nne tu hapo jirani, magobole mawili yanatosha kabisa.

Na usidhani ni kwenu tu. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti 176 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini na Kati wakaona sehemu zinazowindwa ndege ni pungufu kwa asilimia 58 ukilinganisha na zisizowindwa, na upungufu unaonekana mpaka kama kilomita 7 kutoka barabarani au kijijini. Yaani umbali wa mtu kwenda na kurudi kwa miguu siku hiyo hiyo. Ndo maana msitu unaweza ukasimama vizuri tu, ukipiga picha unapendeza, ndani kimya. Kororo yeye anazaa zaidi ya hondohondo ila anatembea kimakundi chini, tanzi zikitegwa kwenye njia yao wanaisha kundi zima. Mwambie mjomba pia kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009, japo tunajua mjomba hatatishika na sheria, mwelezee habari ya kiota kwanza.

SWALI: Mambo mhariri, huku Kondoa tunakula kwelea kwelea miaka yote, wananaswa kwa nyavu magunia kwa magunia na hawaishi. Mbona mnatutisha?

JIBU: Poa. Hamtishwi nyie. Kwelea anataga mayai matatu hivi, ndani ya wiki sita kiota kimemaliza kazi, na mvua zikihamia kwingine anaenda kuzaa tena huko. Nyavu zenu hazimuwezi, na wakulima wa mtama na mpunga watawashukuru. Vitu viwili tu: kwenye wavu akinasa bundi au mwewe mtoe umwachie, na serikali ikishawapulizia kwelea dawa usiokote mizoga hata kama ipo mingi kiasi gani. Ile ni sumu.

SWALI: Sasa mhariri, niko Bunyala, Busia. Kuna vijana hapa karibu na mashamba ya mpunga wanauza nyama ya ndege bei poa sana. Watu wanasema wanawawekea dawa, lakini eti ukitoa matumbo na kuchoma vizuri haina shida. Ni ukweli?

JIBU: Si ukweli. Hiyo dawa ni kabofurani, wengi mnaijua kwa jina la Furadan, ni dawa ya wadudu. Wanaijaza kwenye konokono kwa ajili ya wale korongo wenye mdomo usiofunga katikati, kisha wanafunga korongo aliye hai hapo kama chambo ili wenzake wakiona wanatua. Mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza ilitangaza kuiondoa Kenya lakini wawindaji wa hapo hawakukosa sumu. Na hapa mjue, gobole linachagua, sumu haichagui, njiwa, bata, kipanga anayekula mzoga, wote wanaenda.

Kutoa matumbo hakutoi sumu iliyoshaingia kwenye nyama, na moto sio wa kutegemea. Mtu akila akaanza kutoka jasho, mate yanamjaa, tumbo linakata, magoti yanalegea, msimpe maziwa mkasubiri, mkimbizeni hospitali na mumwambie daktari wazi kwamba alikula ndege wa sumu, msione aibu, maana bila kujua hilo anaweza akaanza kutibu malaria.