Uliza Ujibiwe: Jiolojia na majanga ya asili chuoni

Shikamooni wataalamu. Namaliza kidato cha sita, tahasusi ya PGM (fizikia, jiografia na hesabu). Tangu tope la Mlima Hanang lilipoingia Katesh, nataka kusomea majanga. Nichukue jiolojia au usimamizi wa maafa? (Msomaji, Babati)

Marahaba. Anza na jiolojia au jiofizikia, maafa yaje kwenye shahada ya pili. Ukianza na usimamizi wa maafa, kurudi kwenye jiolojia baadaye ni kugumu, kwa sababu hutakuwa umesoma madini, miamba wala mawimbi ya tetemeko, na shahada ya pili haifundishi hayo tangu mwanzo.

Itazame Hanang yenyewe. Ni volkano ya kale, yenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Tarehe 3 Desemba 2023 iliporomoka wakati wa mvua kubwa. Maji yakijaa katika nafasi zilizo kati ya chembe za udongo, huzisukuma zitengane. Msuguano unapungua, na mteremko uliosimama miaka na miaka unaachia. Udongo ule uliolowa hugeuka tope zito linalofuata makorongo, likikokota mawe na miti. Msimamizi wa maafa anaweza kupanga njia ya kuwahamisha watu, lakini lazima awepo wa kumwambia tope litapita korongo gani. Huyo ndiye wewe.

PGM ni msingi mzuri, maana fizikia na hesabu ndizo zinazowalemea wengi mwaka wa kwanza. Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vinafundisha jiolojia. Chuo Kikuu Ardhi kimeelekea zaidi kwenye mazingira na upimaji. Masharti hutofautiana kozi kwa kozi, hivyo soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka unaoomba wewe, si ule wa kaka yako.

Niko mwaka wa kwanza. Tulipima nyufa za mteremko kwa GPS. Nikiziweka pointi kwenye ramani ya karatasi ya 1:50,000, zote zinahama kama milimita 6. GPS yangu ni mbovu? (Mwanafunzi, Dodoma)

GPS yako ni nzima. Ramani hizo zilichorwa kwa mfumo wa koordineti uitwao Arc 1960, na GPS inasoma kwa WGS84. Tofauti ya mifumo hiyo kwetu ni takriban mita 300 ardhini, na kwa skeli yako sentimita 1 ni mita 500. Piga hesabu: ndizo milimita 6 zako. Kabla ya kutoka chuoni ingia kwenye mipangilio ya kifaa, chagua Arc 1960, kisha uandike jina la mfumo juu ya kila ukurasa wa daftari. Koordineti isiyo na jina la mfumo haimsaidii mtu.

Angalia na kanda ya UTM, gridi ya ramani inayoigawa dunia katika kanda. Katesh iko kanda ya 36 Kusini, Arusha mjini iko kanda ya 37, kwa kuwa mpaka ni nyuzi 36 Mashariki. Ukikosea kanda, pointi zinaruka zaidi ya kilomita 600.

Kwenye programu ya ramani ya QGIS, Arc 1960 kanda ya 36 Kusini ina namba 21036, na WGS84 ya kanda hiyohiyo ni 32736. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanabadilisha lebo ya mfumo kwenye faili wakidhani wameihamisha data. Lebo inaieleza kompyuta tu kwamba namba hizi ni za mfumo gani. Ukitaka namba zenyewe zibadilike, tumia amri ya kugeuza mfumo na uhifadhi faili jipya, la zamani uliache lilivyo.

Ukishaziweka sawa, pima mwinamo. Ikiwa kontua (mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) ziko kila mita 20, nafasi 5 ni mita 100 za kupanda. Kama nafasi hizo zinachukua sentimita 0.5 kwenye karatasi, huo ni umbali wa mita 250 kwa usawa. 100 kugawa kwa 250 ni 0.4, yaani kama nyuzi 22. Kisha nenda ukahakikishe kwa dira yenye kipimo cha mwinamo, maana kontua hazionyeshi ukingo mfupi wa mita 10, na mara nyingi ufa huanzia hapo.

Huku kwetu tunaogopa mazuku. Chuoni wanaisoma? Na mwanafunzi ataipimaje bila kufa? (Msomaji, Goma)

Inasomwa, tena kwa jina hilohilo: wanavolkano wa dunia nzima wanaandika "mazuku", neno lililotoka kwenu. Utaikuta kwenye jiokemia na volkano. Ni hewa ya ukaa inayopenya kutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida kama mara 1.5, inatuama mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia.

Kipimo cha hewa ya ukaa kifungwe kwenye ncha ya ufito mrefu kitangulie mbele, ninyi mkiwa wawili au zaidi, upepo ukitoka mgongoni. Msiiname, msichuchumae. Kikomo cha kazi ya saa 8 ni asilimia 0.5; ikifika asilimia 4 hapo pana hatari ya maisha, na zaidi ya 10 mtu huzimia ndani ya dakika chache. Msitegemee mshumaa: unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo hewa imeshakuwa mbaya.

Tumepata tofauti ya sekunde 15 kati ya mawimbi ya P (yanayofika kwanza) na S (yanayofuata). Tetemeko lilikuwa wapi? (Mwanafunzi, Bukoba)

Kwa tetemeko la karibu, zidisha kwa 8: kilomita 120 hivi. Huo ni umbali tu, hauna upande. Chora duara kuzunguka kituo chako, kisha uombe data za vituo vingine viwili. Maduara matatu yakiacha pembetatu ndogo badala ya kukutana, kagua saa za vituo kwanza, halafu fikiria kina cha tetemeko.