Mali Kauli na Mizani: Ushauri kwa Anayeanza Biashara

Vijana wanaoniomba ushauri wa kuanza biashara Kariakoo huuliza kwanza habari za mtaji, nami huwajibu kwamba watangulize kuaminika, kwa sababu bidhaa nyingi zinazotoka katika maduka ya jumla ya pale kwenda mikoani huondoka kwa mali kauli: mwenye duka anakupa mzigo, unakwenda kuuza, unaleta fedha siku mliyoafikiana, bila benki, bila hati ya nyumba wala wakili. Soko huria tunalolisifu kwa ushindani wake linasimama juu ya ahadi za namna hiyo.

Waliokuwa watu wazima mwaka 1983 wanakumbuka foleni za sukari na sabuni, pamoja na msako wa wahujumu uchumi. Mwaka 1984 Serikali ilianza kuruhusu watu waingize bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe, na Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia madarakani Novemba 1985, akalegeza masharti zaidi hata wananchi wakamwita Mzee Ruksa. Ruhusa ile ilihitajika sana, na siwaungi mkono wanaotamani turudi tulikotoka. Lakini tangazo la Serikali humpa mtu haki ya kuuza tu, haliwezi kumfanya jirani yake amwamini.

Jambo linaloniuma zaidi katika soko letu ni lumbesa. Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo upo kwa kazi hiyo, lakini bado utaona shambani gunia limejaa hadi mdomoni, kisha likashonewa nyongeza juu yake, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Wapo wanaosema kwamba hilo ndilo soko huria, kwa kuwa mkulima mwenyewe amekubali. Mimi nakataa. Mtu ambaye viazi vyake vimeshachimbwa, barabara imeharibika kwa mvua na lori lililofika ni moja tu, hakubali kwa hiari. Na pale ambapo kipimo chenyewe ni cha uongo, hata bei inayotajwa haina maana, kwa sababu hakuna anayejua ni bei ya kiasi gani. Nilipokuwa nikinunua viazi Njombe nilibeba mizani na kulipa kwa kilo. Wanunuzi wenzangu waliona najipunja, lakini misimu iliyofuata wakulima walinipigia simu kabla hawajachimba, na katika biashara ya viazi kupata mzigo kwa wakati ni faida kubwa kuliko nyongeza ya juu ya gunia.

Kwa hiyo, ukipewa mali kauli, anza na mzigo unaoweza kuulipa hata kama haukuuzika wote, na uandikwe katika daftari lenye sahihi zenu wote wawili, kwani maandishi hulinda urafiki. Ukiona siku ya kulipa inakaribia na fedha hazijatimia, mpigie simu mwenye mali kabla hajakupigia yeye, umpelekee ulichonacho. Anayezima simu habari zake huenea mtaa mzima, na mahakama, ambayo ni ya lazima kwa madeni makubwa, haimrudishii jina lake.

Kuaminiana kwetu kuna kasoro moja inayopaswa kusemwa wazi: mara nyingi kunaishia kwenye ukoo, kabila au dini, na kijana hodari asiye na mjomba mtaani anabaki nje ya mlango. Soko lisilomfungukia huyo si huria kwake. Siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye duka, mpe mgeni kama huyo mzigo mdogo na tarehe ya kulipa. Akilipa, muongezee kidogo safari inayofuata, kama unavyomfanyia mpwa wako.