Saturn SL2 ya 2001: usiikimbie, ipime oili kwanza

Ndugu, nimekuelewa: uko Ohio, Marekani, unataka gari la kwendea kazini, umepata SL2, sedani ndogo ya Saturn, kwa bei poa ila unaogopa kwa vile kampuni ya Saturn ilishakufa.

Kufa kwa jina si tatizo kubwa. Saturn ilikuwa ya General Motors, ilianzishwa 1985, na ikafungwa 2010 baada ya Penske, kampuni ya kuuza magari, kujitoa kuinunua. Spea za injini na breki bado zipo madukani. Za bodi ndizo utazisaka kwa wauza magari chakavu.

Wenye nazo husifia milango na madigadi ya plastiki: hayashiki kutu. Lakini boneti, paa na chesisi ni chuma, na chumvi inayomwagwa barabarani huko kuyeyusha barafu haina huruma, kwa hiyo chungulia chini.

Ugonjwa wake ni kula oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili ukague kiwango, kisha mwache muuzaji akanyage mafuta wewe ukiwa nyuma. Moshi wa bluu? Shusha bei au achana nayo. Ukiinunua, pima oili kila unapojaza mafuta, maana ikikauka injini imekwenda.

Mlipe fundi wako alikague gari kabla hujatoa hela, si fundi wa muuzaji. Na wakikubadilishia VUE, SUV ya Saturn, ya 2002 hadi 2005 yenye giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), kataa.