Usimwite mwenzako wa ofisini Dwight

The Office, ile tamthilia ya kuchekesha ya Kimarekani kuhusu watu wa ofisini, nilianza kuiangalia mwaka wangu wa pili kazini. Tulikuwa ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, watu kumi na wanne, AC mbili na moja mbovu, kuna kaka wa IT akaja na flashi ina misimu yote tisa ikazunguka meza kwa meza. Mwezi haujaisha tukawa tumeshagawana majina ya wahusika wake. Bosi akawa Michael, dada wa mapokezi akawa Pam, mama wa uhasibu aliyekuwa anahesabu miaka yake ya kustaafu akawa Stanley japo ni mwanamke, mimi nikajichukulia Jim, yule mtani, na kaka wa nyaraka, yule mnoko ambaye karatasi yako ikikosa tarehe anakurudishia hata kama gari la mteja linanguruma nje, huyo akawa Dwight.

Wewe uliyeajiriwa juzijuzi na ndo kwanza unaizoea ofisi, hayo majina usiyaanze. Nakuambia hivi kwa sababu yalimuumiza mtu na aliyemuumiza ni mimi.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Waingereza ndo walioanza, Ricky Gervais na Stephen Merchant, mwaka 2001, ofisi ya kuuza karatasi pale Slough, Uingereza. Wamarekani wakaichukua wakaihamishia Scranton, Pennsylvania, ikaenda kuanzia Machi 2005 mpaka Mei 2013, epsodi 201. Sasa kaa upige hesabu. Epsodi moja ni kama dakika 22, zote 201 ukizijumlisha unapata saa kama 74 hivi. Sheria yetu ya ajira inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki. Maana yake misimu yote tisa ya Michael na Dwight na wenzao haifiki hata wiki mbili za kukaa kwenye kiti chako pale ofisini! Na hizo saa 74 zimechujwa, zimebaki zile tu ambazo kuna kitu kinatokea. Mwenzako wa meza ya pili unakaa naye saa 74 kabla mshahara wa kwanza haujaingia, nyingi kati ya hizo anachapa tu, anakunywa chai ya saa nne, anapiga miayo, halafu unataka umalize habari yake kwa jina moja la kwenye muvi, haiwezekani.

Halafu kuna jambo la kamera, hili nilichelewa sana kuliona. Ile tamthilia imetengenezwa kama vile kuna watu wanawarekodi kazini, kwa hiyo kila mtu anapata muda wa kukaa peke yake mbele ya kamera akasema kilicho moyoni. Dwight anakuudhi, dakika moja baadaye anaelezea kwa nini amefanya vile, unacheka na unampenda. Kazini hakuna hicho kitu. Mtu akikujibu vibaya saa tatu asubuhi hakuna mahali anaenda kukaa akueleze kwamba mtoto kalazwa tangu jana usiku, wewe umebaki na lile jibu baya tu, na ukishakuwa na jina la kumpachika basi hata kumuuliza huulizi tena, unasema ah, huyo ndo Dwight wetu.

Sasa hili la muhuri, ndo nilivyomuumiza mtu. Epsodi ya kwanza kabisa Jim anachukua stepla ya Dwight anaizamisha kwenye jeli, ofisi nzima inacheka, na mimi si ndo nilikuwa Jim. Ijumaa moja asubuhi nikachukua muhuri wa kaka wa nyaraka nikauficha ndani ya boksi la karatasi za printa, nikijua nusu saa tu nitamwonyesha. Kabla ya nusu saa bosi akanituma bandarini, foleni, simu ikazima chaji, nimerudi saa kumi na moja jioni ofisi imefungwa. Kumbe siku hiyo kulikuwa na kontena la mteja linasubiri karatasi moja tu yenye muhuri ule. Walipekua droo zote, alipekua mpaka kwenye ndoo ya taka. Kontena likalala bandarini mpaka Jumatatu, mteja akalipia siku tatu zisizomhusu, na kaka wa nyaraka Jumatatu asubuhi akapewa barua ya onyo kwa kupoteza mali ya ofisi.

Nilipomwonyesha muhuri ulipo hakunifokea. Aliutoa kwenye boksi, akaupuliza, akaugonga kwenye karatasi chakavu aone kama wino bado unashika, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani ulitaka nicheke?"

Siku hiyohiyo nilienda kwa bosi nikasema ni mimi, na mimi nikapewa barua yangu, lakini ya kwake haikutolewa kwenye faili. Bosi alisema muhuri ulikuwa chini ya dhamana ya yule kaka. Mpaka leo linaniuma hilo.

Kwa hiyo utani wa kwenye tamthilia acha huko huko. Pale Scranton Jim akiharibu, epsodi inayofuata inaanza upya kila mtu yuko mezani kwake. Huku kwetu kuna faili la mtu, kuna mteja, kuna pesa ya mtu.

Na huyo mnoko wa ofisini kwenu mwangalie vizuri kabla hujaanza kumkimbia. Yule wa kwetu alikuwa anatunza nakala ya kila kitu, tulikuwa tunamcheka na yale mafaili yake ya kamba. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inataka nyaraka zikae miaka mitano, sisi vijana tulikuwa hatujui au tulijua tukapuuzia, siku wakaguzi walipokuja wanaulizia mzigo uliotoka karibu miaka miwili nyuma, ofisi nzima jasho linatutoka, yeye akainuka akafungua kabati akaleta faili, karatasi zote zimepangwa kwa tarehe. Kama ningekuwa na akili ningefanya mapema nilichokuja kufanya baadaye, nilimwomba aniandikie vitu vyote anavyoviangalia kwenye karatasi zangu, akaniandikia kwa mkono vitu tisa, nikabandika mezani. Tangu hapo sikurudishiwa kitu tena. Mnoko ukimpelekea kazi iliyokamilika hana la kukusumbulia.

Kuhusu bosi. Michael Scott anataka apendwe kuliko anavyotaka aheshimiwe, ukiangalia unamwonea huruma, ila mabosi wa hivyo wapo na kufanya nao kazi kunahitaji uangalifu. Kuna epsodi ya mwaka 2009 anarudi kwa wanafunzi ambao miaka kumi nyuma aliwaahidi kuwalipia chuo, hana hela, anaishia kuwagawia betri za laptop. Watu wengi wanasema ile hawawezi kuimaliza kwa aibu wanayoisikia. Mimi niliimaliza ila sikucheka, kwa sababu bosi wetu mwezi wa tisa alisimama kwenye kikao akatuahidi bonasi ya Desemba, sisi ni familia moja hapa, na mimi kwa ahadi ile nikatanguliza hela kwenye kiwanja. Desemba ikaja tukapewa mchele na mafuta ya kupikia. Hakuwa mtu mbaya jamani, siku anaahidi nadhani aliamini kabisa atatoa. Ndo maana nakuambia usipime wema wa mtu, omba maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi taarifa za ajira yako, malipo yakiwemo, sio fadhila hiyo. Akikuahidi kitu kwenye kikao, jioni mtumie ujumbe wa adabu, "Bosi asante kwa uliyosema leo kuhusu bonasi, nimefurahi, je ni mshahara wa mwezi mmoja kama nilivyoelewa?" Akijibu unayo. Asipojibu, kiwanja usikiguse kwanza.

Mapenzi ya Jim na Pam siyasemei sana, kama mmependana mmependana, ila epsodi hazikuonyeshi ile miezi watu wananyamaza ukiingia jikoni kuchukua chai.

Ila kuna kipande kimoja naomba ukiige. Msimu wa tatu Pam anaonyesha michoro yake, anawaalika wenzake, jioni nzima karibu hakuna anayemjali. Anaanza kubandua ndo Michael anaingia amechelewa, anaikuta picha ya jengo la ofisi yao, anaikodolea macho, anataka kuinunua. Bosi huyohuyo wa ahadi hewa. Alienda, basi. Kwetu hatuna sana maonyesho ya michoro lakini tuna misiba, tuna harusi, tuna arobaini, na pale ndo unamwona mtu ambaye pale kazini hujawahi kukutana naye.

Baba yangu alifariki kama mwaka na nusu baada ya ile habari ya muhuri. Tulizika kijijini kwetu huko Tanga, ndani ndani, ukishuka kwenye basi unachukua bodaboda karibu saa nzima na ilikuwa masika. Grupu la ofisi lilijaa pole, wengi walipiga simu, mama Stanley alinipigia kila siku na hilo sitalisahau. Aliyekuja ni mmoja. Nimekaa kwenye mkeka na wazee naona mtu anashuka kwenye bodaboda, suruali imejaa matope mpaka magotini, kifuani ameshikilia bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Kaka wa nyaraka.

Akasalimia wazee mmoja mmoja, akanishika mkono, hakusema maneno mengi. Kisha akaulizia nani anapokea rambirambi, akaonyeshwa baba mdogo. Akakaa kwenye ncha ya mkeka, akatoa hela akahesabu, akahesabu tena, akatoa karatasi yenye majina ya watu wote wa ofisini na kila mmoja alichotoa, chini kabisa kuna mstari umepigwa kwa rula. Akamwambia baba mdogo samahani mzee, naomba uhakiki halafu unisainie hapa, na tarehe usisahau.

Baba mdogo akaomba miwani yake iletwe, akazihesabu, akasaini, akaweka na tarehe.