Re: Washtakiwa watano, wawili wameachiwa huru. Kifungu cha 149 bado kinasimama?

Salaam mkuu. Shida yako: aliyechoma kisu ni mmoja, je, wale wawili waliobaki naye wanaweza kutiwa hatiani kwa mauaji India?

Kifungu cha 149 cha Kanuni ya Adhabu ya India (IPC) kinamwajibisha kila mmoja katika kundi haramu la watu watano au zaidi kwa kosa lililotendwa kutimiza lengo la kundi. Kwanza soma hati ya mashtaka. Imetaja "na wengine wasiojulikana", na mashahidi wamewaona? Basi watano bado wapo. La sivyo 149 kinaanguka, geukia kifungu cha 34, kinachowabana wote waliotenda kosa kwa nia ya pamoja. Hapo hata wawili wanatosha.

Upande wa mashtaka hukwama kwenye nia ya pamoja. Inaweza kuzaliwa papo hapo, lakini lazima itangulie kisu. Kukimbia pamoja hakutoshi. Katika kesi ya Mahbub Shah (1945) Privy Council (mahakama ya juu ya rufaa ya India enzi za Waingereza) ilifuta hatia ya mauaji: nia zinazofanana si nia ya pamoja.

Kosa la kuanzia 1 Julai 2024? Tumia Bharatiya Nyaya Sanhita, sheria mpya iliyochukua nafasi ya IPC: kifungu cha 3(5) badala ya 34, na 190 badala ya 149.