Mkisoma, acheni kuwatahini

Maswali ya wiki hii yahusu kuwasomea watoto vitabu vya sura usiku. Yale ya "kitabu gani kitamfanya mwanangu awe namba moja" nimeyapita, kama kawaida.

Kijana wangu ana miaka 4. Nimsomee sura ngapi kwa usiku? (Baba, Likoni)

Hesabu dakika. Kurasa 7 au 8 kwa sauti iliyotulia ni kama robo saa, na kwa umri huo zatosha. Akianza kuvuta chandarua kwa vidole vya miguu, funga hata kama sura haijaisha.

Nikimsomea binti yangu wa miaka 6, yeye yuwachora tu, hasikilizi. Nimnyang'anye kalamu? (Mama, Kisauni)

Nani kakwambia hasikilizi? Ruka aya moja uone atakavyokushika. Mwachie kalamu yake.

Kila sura ikiisha nawapa maswali 10 wajibu kwenye daftari. Sasa wakiona kitabu wanakimbilia chooni. Nifanyeje? (Mzazi, Tudor)

Wana akili hao. Wametoka shule, wakaenda madrasa, pengine na tuisheni juu yake, na usiku wewe wawafungulia karatasi nyingine! Bibi zetu walisema "Paukwa", tukaitikia "Pakawa", na hakuna aliyetoa maksi. Daftari liweke kabatini. Somea pahali patamu, pale mwizi keshapenyeza mkono dirishani, kisha funga kitabu uzime taa. Watalalamika, walalamike, kesho wao ndio watakaokukumbusha kabla hujamaliza kula. Maswali yatoke kwao: kwa nini yule alidanganya, na mamake alijua? Wakikuuliza lililokushinda, sema limekushinda. Na usisimame kila neno gumu kama mwalimu wa imla. Neno likizuia kisa, lieleze upesi uendelee, lisipozuia, lipite. Hili nalisema hasa kwa nyinyi mnaotaka kila kitu kiwe na faida ya shule. Mtoto aliyechukizwa na kitabu akiwa na miaka 7, tuisheni haimrudishi.

Adili na Nduguze yawafaa wapwa zangu wa miaka 6 na 9? (Mjomba, Majengo)

Wa 9, ndiyo. Wa 6 huenda akapotea njiani, maana Shaaban Robert alikitoa mwaka 1952 na Kiswahili chake hakimbembelezi mtu. Tena mna manyani wanaochapwa kila usiku, na mdogo atataka kujua sababu papo hapo. Kipitie mwenyewe kwanza. Kitabu chochote, si hiki peke yake.

Mume wangu asema kusoma ni kazi ya mama. (Kongowea)

Aogopa kuchapia mbele ya watoto. Mpe sauti ya jini tu, usiku wa kwanza. Akizoea atataka na ya sultani.

Video za hadithi kwenye simu si sawasawa tu?

La. Nililijibu Ramadhani, nikalijibu tena shule zilipofungwa.

Vitabu ni ghali. (Wengi)

Ndiyo, na hamjaenda tawi la Mombasa la maktaba ya taifa kujiandikisha. Au badilishaneni na majirani. Lakini virudisheni vizima: nimeletewa malalamiko ya kitabu kilichorudi bila ukurasa wa mwisho, na watoto watatu wangojea kujua kama nahodha alipona. Aliyeuchana aupeleke leo.